Kinachoizuia Altezza kupita kilomita 180 kwa saa

"Shikamoo mhandisi. Nina umri wa miaka 27 na ninaishi Tabora mjini. Mwaka huu nimenunua Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono iliyotoka Japani, injini ya lita 2, na karatasi zake zinasema ina nguvu farasi 210. Alfajiri moja kwenye barabara ya Nzega nilikanyaga mafuta hadi mwisho, na mshale ulipofika 180 gari likakata pawa ghafla. Nikiachia kidogo linarudi, nikikanyaga tena linakata palepale. Fundi wangu anasema tuondoe limita kwenye kontroli boksi, tuweke ekzosti kubwa na chujio la hewa la wazi, tung'oe viti vya nyuma kupunguza uzito, na hapo litafika 260 bila shida. Rafiki yangu anasema tatizo ni petroli ya huku, niweke dawa ya kuongeza oktani. Wapo pia wanaodai kwamba huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo gari hukimbia zaidi kuliko Dar es Salaam. Naomba unieleze kitaalamu: ni kitu gani hasa kinachoweka kikomo cha mwendo wa gari la michezo, na je, nikifuata ushauri wa fundi nitafika huko?"

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja, na majibu yake hayafanani. La kwanza ni kinachoizuia gari yako leo isipite 180. La pili ni kitakachoizuia kesho ikiwa hicho cha leo kitaondolewa. La kwanza lina jibu fupi, na katika hilo fundi wako yuko sahihi: umegonga limita, na gari halina ubovu wowote. La pili ndilo lenye kina, na humo ndimo hesabu ya 260 inapoharibika.

Tuanze na hilo la leo. Watengenezaji wa magari wa Japani walikubaliana kwa hiari yao kwamba magari wanayouza nchini mwao yasipite kilomita 180 kwa saa, na ndiyo maana magari mengi yaliyotumika huko na kuletwa kwetu yana dashibodi inayoishia 180, liwe ni gari dogo la sokoni au gari la michezo. Walikuwa pia na makubaliano ya kutotangaza injini yenye zaidi ya nguvu farasi 280, na hayo yalidumu hadi mwaka 2004. Wajerumani nao wana kikomo chao cha hiari cha 250 kwa magari yao mengi makubwa. Kwa hiyo namba ya mwisho kwenye dashibodi haikuambii uwezo wa gari. Dashibodi ya 180 inaweza kuwa juu ya injini inayoweza kufika mbali zaidi, na dashibodi ya 260 inaweza kuwa juu ya gari ambalo halitaiona 200 hata kwenye mteremko.

Limita yenyewe haina kifaa kinachoshika magurudumu. Kuna kihisio kinachotuma midundo ya umeme kadiri shafti inavyozunguka, na kompyuta ya injini, hiyo mnayoiita kontroli boksi, huihesabu midundo hiyo muda wote. Ikifika hesabu iliyowekwa, kompyuta inazinyima nozeli amri ya kufunguka. Petroli haiingii kwenye silinda, injini inakuwa inazungushwa tu na magurudumu, na mwendo unapungua. Ukishapungua kidogo, amri inarudi. Ndiyo ile hali uliyoieleza ya kukata na kurudi palepale. Naomba ukumbuke pia kwamba mshale wa mwendo kwa kawaida husoma juu ya ukweli, kwa sababu kanuni za kimataifa zinakataza usome chini ya mwendo halisi lakini zinauruhusu uzidishe kiasi. Ukilinganisha na simu yenye GPS utakuta 180 ya dashibodi ni pungufu ya 180 ya barabarani.

Dalili yako inanipa uhakika kwa sababu vikomo vingine vina dalili tofauti kabisa. Gari lililoshindwa na hewa halikati: mwendo unapanda polepole, unazidi kuwa mzito, halafu unatulia kwenye namba fulani huku mguu wako ukiwa umekanyaga hadi sakafuni na injini ikinguruma vilevile. Gari lililoishiwa na mizunguko ya injini nalo hukata, lakini mshale wa mizunguko unakuwa umeingia kwenye rangi nyekundu. Wako, naamini, ulikuwa bado mbali na nyekundu ulipokuwa kwenye gia ya sita.

Sasa tuingie kwenye kiini. Ondoa limita, weka barabara iliyonyooka isiyo na mwisho, kisha uulize: kwa nini gari lisiendelee kuongeza mwendo milele? Jibu ni kwamba linaongeza mwendo mradi nguvu inayofika kwenye magurudumu inazidi nguvu inayolipinga. Zikilingana, mwendo unasimama hapo. Na mpinzani mkubwa, kuanzia mwendo wa kawaida wa safari kwenda juu, ni hewa.

Yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli hapa Tabora wakati wa upepo wa kiangazi anajua hewa ikikujia usoni inavyochosha kuliko mlima mdogo. Kinachoshangaza wengi ni jinsi mzigo huo unavyokua. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa hauongezeki mara mbili bali mara nne, kwa sababu unagonga hewa nyingi zaidi kila sekunde na kila sehemu yake unaigonga kwa kasi zaidi. Hilo ni kuhusu msukumo. Nguvu ambayo injini inatakiwa kuzalisha ni msukumo huo ukizidishwa kwa mwendo, hivyo mwendo ukiwa mara mbili, injini inadaiwa nguvu mara nane ili kuishinda hewa. Hapa ndipo ndoto nyingi za gereji zinapofia.

Nimekufanyia hesabu kwa gari la mfano lenye ukubwa na umbo linalokaribiana na lako, uzito wa kilo 1,400, kwenye usawa wa bahari, nikihesabu pia msuguano wa matairi na nguvu inayopotea kwenye giaboksi na difu. Ili kwenda kilomita 100 kwa saa bila kuongeza mwendo, injini inahitaji takriban nguvu farasi 21 tu. Kwa 180 inahitaji kama 92. Kwa 200 inahitaji kama 123. Kwa 240 inahitaji kama 204, na hapo injini yako ya 210 imefika ukingoni. Kwa 260 aliyokuahidi fundi zinahitajika takriban 256, na kwa 300 zinahitajika kama 385. Tazama ngazi hiyo jinsi inavyozidi kuwa ya gharama: kutoka 100 hadi 180 umeongeza nguvu farasi 71 ukapata kilomita 80, lakini kutoka 240 hadi 260 umeongeza 52 ukapata kilomita 20 tu. Na hizo 210 ni za injini ilipotoka kiwandani. Altezza zilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005, kwa hiyo yako ina miaka isiyopungua 20, na injini ya umri huo mara nyingi imepoteza sehemu ya nguvu zake. Kama imebaki na 190, kikomo chako cha kweli kitakuwa kama 234.

Usidhani hiyo ni nadharia ya darasani. Bugatti Veyron ya mwaka 2005, yenye nguvu farasi 1,001, ilifika kilomita 407 kwa saa. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilileta Veyron Super Sport yenye nguvu farasi 1,200. Ukichukua kanuni niliyokueleza na kuuliza nguvu farasi 199 za ziada zitaleta nini, hesabu inakupa takriban 432. Gari lilipopimwa kwa kwenda na kurudi kwenye uwanja wa majaribio wa Volkswagen ulioko Ehra-Lessien, Ujerumani, wastani ulikuwa 431. Nguvu zinazotosha kuendesha Altezza nyingine nzima zilinunua kilomita 24.

Pia kuna njia ya pili, ambayo ni kumpunguza mpinzani badala ya kuongeza nguvu. Mwaka 1998, McLaren F1 ilifika kilomita 386 kwa saa kwenye uwanja huohuo ikiwa na nguvu farasi 627 tu. Ingekuwa na umbo la Veyron, kwa nguvu hizo isingefika hata 350. Tofauti ilitokana na wembamba wake: gari jembamba, la chini, linalopasua hewa kupitia tundu dogo. Na mwaka 2019, Bugatti Chiron yenye nguvu farasi 1,600 ilipofika 490 kwa upande mmoja ikiendeshwa na Andy Wallace, yuleyule aliyekuwa kwenye McLaren ile, mkia wa gari ulikuwa umerefushwa ili hewa iachane na bodi taratibu bila kuacha utupu mkubwa nyuma. Utupu huo wa nyuma hulivuta gari kurudi, na wengi huusahau kwa sababu macho yao yako kwenye pua ya gari. Kwa mantiki hiyohiyo, spoila kubwa inayofungwa kwenye buti kwa ajili ya urembo, keria ya juu au matairi mapana yaliyotokeza nje ya bodi vinakupunguzia mwendo wa juu.

McLaren ile ina somo jingine kuhusu gia. Ilikuwa na nguvu za kutosha kwenda zaidi ya ilivyokuwa ikienda awali, lakini kompyuta yake ilizuia mizunguko ya injini isizidi kiwango fulani; walipoinua kiwango hicho kwa ajili ya jaribio, ndipo namba ile ya 386 ikapatikana. Kila gia ina mwendo wake wa mwisho unaopangwa na uwiano wa meno, mzingo wa tairi na mizunguko ambayo injini inaweza kuihimili. Mtengenezaji mwenye akili hupanga gia ili injini iwe karibu na kilele cha nguvu zake pale hewa inapoanza kushinda. Akipanga gia fupi mno, injini itaishiwa pumzi kabla ya hewa kuishinda. Akipanga ndefu mno, injini itazunguka chini ya kilele na nguvu farasi alizolipia hazitatoka. Magari mengi, kwa kweli, hufikia mwendo wao wa juu kwenye gia ya pili kutoka mwisho, kwa kuwa gia ya mwisho imewekwa ili kubana matumizi ya mafuta safarini.

Kuhusu hewa ya Tabora, wanaodai ni nyepesi hawakosei. Mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 ukilinganisha na ya pwani. Wanachosahau ni kwamba injini nayo inapumua hewa hiyohiyo. Injini yako haina turbo, hivyo inavuta oksijeni pungufu kwa karibu kiwango kilekile, na inapoteza nguvu kwa karibu asilimia zilezile ambazo ukinzani umepungua. Mambo mawili yanafutana, na kwa kuwa msuguano wa matairi haupungui kwa kupanda juu, Altezza ya Tabora inaweza hata kuwa nyuma kidogo ya Altezza ya Dar es Salaam. Mwenye gari la turbo ndiye anayefaidika, kwa sababu turbo inaweza kuisindilia hewa ile nyepesi hadi injini ipate kiasi ilichozoea, huku bodi ikipita kwenye ukinzani mdogo. Faida hiyo inaweza kuwa karibu asilimia 4. Ndugu zetu wa Kigoma mjini, walioko kando ya ziwa kwenye kama mita 770, wako katikati ya Tabora na pwani.

Sasa nipime orodha ya fundi. Ekzosti kubwa na chujio la wazi vinaweza kuipa injini ya aina yako nguvu farasi chache, tuseme 5 kama kazi imefanywa vizuri, na hizo kwa kanuni ya hewa ni chini ya kilomita 2 kwenye mwendo wa juu. Kelele ndiyo itakayoongezeka sana. Chujio la wazi likikaa karibu na rediata linaweza hata kuivutia injini hewa ya moto na kukupunguzia ulichokuwa nacho, mbali na vumbi la barabara zetu za changarawe ambalo vichujio vya bei rahisi hupitisha hadi kwenye silinda. Kung'oa viti vya nyuma ni jambo ninalolisikia kila mara. Uzito unaathiri sana jinsi gari linavyochukua mwendo na linavyosimama, lakini kwenye mwendo wa juu kabisa, barabara ikiwa tambarare, unagusa msuguano wa matairi peke yake, ambao ni sehemu ndogo ya mzigo wote. Hata ukitoa kilo 100 hupati kilomita 1 kamili. Viache viti vyako.

Rafiki yako wa dawa ya oktani yuko nusu ya njia. Oktani ni uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati, wala haimaanishi kwamba petroli hiyo ina nishati zaidi. Injini ya RS200 ina mgandamizo mkubwa na ilikusudiwa kutumia petroli ya daraja la juu. Ukiipa ya chini, kihisio cha kugonga kwa injini husikia milio ya mlipuko wa mapema na kompyuta huchelewesha cheche, na hapo unapoteza sehemu ya nguvu. Petroli bora kwa hiyo inarudisha ulichopoteza. Haiongezi kitu juu ya zile 210, na haina uhusiano wowote na kukata kwa 180.

Nimeacha matairi hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo ninapokuwa mkali. Hewa ikikushinda, huongezi mwendo na basi. Tairi likishindwa, halikupi nafasi ya kujaribu tena.

Jaribu kuona kinachotokea ndani ya tairi. Kwenye kilomita 240 kwa saa, tairi la ukubwa wa lako huzunguka kama mara 34 kila sekunde, na kila sehemu yake hubonyezwa bapa barabarani na kuachiwa mara 34 katika sekunde hiyo. Kubonyezwa huko kunazalisha joto. Wakati huohuo mzunguko unauvuta mpira kwenda nje kwa nguvu ya kutisha: kitofali kimoja cha kashata chenye gramu 8 huwa na mvuto wa karibu kilo 12 kutaka kubanduka. Mwendo ukizidi uwezo wa tairi, mpira unakuwa haujarudi kwenye umbo lake kabla haujabonyezwa tena. Mawimbi yanajitokeza juu ya tairi, yanaonekana hata kwa picha, joto linapanda kwa kasi, na ndani ya muda mfupi safu za tairi zinaachana. Upepo ukiwa pungufu, tairi linabonyea zaidi na yote hayo yanakuja mapema.

Ndiyo sababu Veyron Super Sport walizouziwa wateja zilifungwa limita ya 415 ingawa gari lilifika 431: ni kwa ajili ya kulinda matairi. Jambo hilo lilizua mgogoro mwaka 2013, pale Guinness, watunzaji wa rekodi za dunia, walipoifuta rekodi ile ya 431 kwa hoja kwamba gari la mteja halina uwezo huo, kisha wakairudisha. Na kabla ya jaribio la Chiron la mwaka 2019, matairi yalipigwa picha za eksirei moja baada ya jingine kuhakikisha hayana kasoro ndani. Hao ni watu wenye matairi mapya yaliyoundwa maalumu na uwanja usio na ng'ombe.

Nenda sasa hivi kwenye gari lako, uiname, usome ubavu wa tairi. Utakuta maandishi kama 215/45R17 87W. Herufi ya mwisho ndiyo kikomo cha mwendo: T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. Ukikuta T, una tairi ambalo mtengenezaji wake hakuthibitisha kwamba linavumilia 200, na kuondoa limita ni kuliomba kitu ambacho hakijaahidiwa. Kisha tafuta mwisho wa mfululizo wa herufi na namba zinazoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 3516 ni wiki ya 35 ya mwaka 2016. Herufi ya mwendo ni ya tairi likiwa zima, lenye upepo sahihi na halijazeeka. Tairi la mtumba lenye kashata nene lakini lenye miaka 10 si tairi la mwendo wowote mkubwa, na lililowahi kuzibwa pancha kando kando nalo ni hivyohivyo.

Kuna na jambo la gari kuwa jepesi. Hewa inayopita juu ya bodi iliyojipinda hukimbia na kuleta mvuto wa kuinyanyua, na mvuto huo nao hukua kwa mraba wa mwendo. Audi TT za kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1990, zilipata ajali kwenye barabara kuu za Ujerumani kwa sababu nyuma ilikuwa inakosa uzito wa kutosha kwenye mwendo mkubwa, ikabidi kampuni iyaite magari hayo na kuyaongezea kibao cha nyuma pamoja na kurekebisha mfumo wa springi na shokapu. Watengenezaji wanapambana na pande mbili, maana kibao kinachoshikiza gari chini kinaongeza ukinzani. Veyron ya kwanza ilikuwa na ufunguo wa pili kwa ajili hiyo: bila ufunguo huo ilizuiwa kwenye 375, na ukiutumia gari lilishuka chini na kibao kikarudishwa ndani ili ifike 407. Altezza yako haijawahi kupewa mfumo wa namna hiyo. Ikiwa na shokapu zilizochoka na springi zilizokatwa, jinsi itakavyotulia kwenye 220 hakuna aliyekupimia.

Na breki? Kwenye 180, hata ukiwa na breki nzuri, lami kavu na akili iliyo macho, unahitaji takriban mita 250 kuanzia pale macho yanapoona hatari hadi gari lisimame. Kwenye 240 zinapita mita 400. Wewe na mimi tunaijua barabara ya Nzega alfajiri: baiskeli zenye magunia ya mkaa zisizo na taa, ng'ombe wanaovushwa, na tuta linalokutangulia kabla ya kibao chake. Ndani ya vijiji sheria inataka 50. Sikuulizwa kuhusu sheria, lakini siwezi kueleza kikomo cha gari nikaacha kikomo cha barabara.

Kwa hiyo, je, uiondoe limita? Kitaalamu inawezekana, na bila kitu kingine chochote gari lako lingepanda hadi mahali fulani kati ya 225 na 240, siyo 260. Ili kupata 260 ya kweli ungehitaji nguvu farasi 46 zaidi ya zile za kiwandani, jambo ambalo kwa injini isiyo na turbo ni kazi ya kuifungua na kuijenga upya, au kuifunga turbo pamoja na kuimarisha klachi, mfumo wa kupoza na mfumo wa mafuta. Gharama yake inaweza kuzidi bei uliyonunulia gari, na bado ungekosa mahali pa kuitumia mkoani kwetu. Kufungua kontroli boksi kienyeji kuna hatari yake pia: ukichomewa waya vibaya, gari litaanza kusumbua hata kwenye mwendo wa 60, na mabadiliko ambayo hukuyaeleza kwa kampuni ya bima yanaweza kukugharimu siku ya kudai fidia. Mimi nisingeiondoa. Mwenye hamu ya mwendo atafute mashindano yaliyoandaliwa, kwenye njia iliyofungwa, akiwa na kofia ngumu na mikanda inayostahili.

Fedha uliyokuwa umeitenga kwa ekzosti ningeielekeza kwenye matairi manne mapya yenye herufi V au W, mafuta mapya ya breki, pedi nzuri, na shokapu. Gari halitaongeza namba yake ya juu hata kwa kilomita moja, lakini utalihisi tofauti kwenye kila kona ya kuelekea Sikonge au Urambo.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaona kwa maandishi, nayo yanataka mkono na jicho la fundi. Usukani ukitetemeka kuanzia 100 au 120, peleka magurudumu yabalansiwe na yapimwe mnyooko, na umwombe fundi akague bushi na boli jointi kabla hajakuambia ni rimu. Ukiona uvimbe ubavuni mwa tairi, badilisha siku hiyohiyo. Pedali ya breki ikizama au ikiwa laini, gari lisitoke nyumbani. Na kama siku moja gari litaanza kukata pawa kwenye mwendo mwingine, tuseme 120 au 140, hiyo siyo limita. Inaweza kuwa pampu ya mafuta iliyochoka, chujio la petroli lililoziba au koili za cheche, na hapo mtafute fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mwambie mwendo, gia na mizunguko ya injini pale lilipokata, kama ulivyonieleza mimi, kwa kuwa maelezo hayo yatampunguzia nusu ya kazi.